Mzeituni wa Shemeji

"Shika kiunoni! Vuta! Usiuonee huruma!"

Fundi baiskeli alishika ndoo, mkewe akashika mti. Wakavutana weee, mpaka mche wa mzeituni ukachomoka na udongo wake wote, na mke akaenda kukaa bila kupenda juu ya sanduku la spana.

"Umevunjika?" fundi akauliza, roho mkononi.

"Sijavunjika."

"Nauliza mti."

Msimlaumu. Shemeji yake, dada mkubwa wa mke, alikuwa amekwenda kumlea bintiye aliyejifungua, na alimwachia mzeituni wake wa chunguni: mti wenye mgongo uliopinda kama wa bibi kizee, lakini kimo chake hakikuzidi birika. Kila mgeni aliusifu. Shemeji alivimba zaidi akisifiwa mti kuliko akisifiwa wanawe.

"Usihangaike kuumwagilia, hauna kiu huo," aliagiza. "Ufute vumbi tu. Na ukiharibika, shemeji yangu, hizo baiskeli zako zitafute pa kulala."

Hakuwa anatania. Chumba cha mbele alichofanyia fundi kazi kilikuwa cha shemeji, na nyumba nzima vilevile.

Mlangoni, begi kichwani, akageuka. "Kitendawili!"

"Tega."

"Mwanangu hali, hanywi, na kimo chake ni kile kile."

"Mzeituni wako, shemeji!"

Alicheka huyo, mpaka begi likataka kuanguka.

Fundi aliuonea mti huruma. Kiumbe gani hana kiu? Akaumwagilia maji, akaona afadhali upate na joto, akauweka mezani pake, ubavuni mwa jiko la kupashia viraka vya tyubu. Akatoka kumpelekea mteja baiskeli. Aliporudi, majani yamelala chali, shina limeinama kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Akaukagua juu chini. Hakuona mdudu wala ukungu. Palinuka mpira ulioungua tu, na hiyo ndiyo hewa ya chumba kile siku zote.

Wakauzika nyuma ya nyumba. Mke alilia kidogo, akiwazia watakapohamia.

Ndipo fundi alipokwenda kwa muuza miche, akarudi na mzeituni mchanga ndani ya ndoo na maelekezo kichwani. Na sasa, mti ukiwa nje, aliichana mizizi kwa uma taratibu, kama mama anayemchana binti mwenye nywele ngumu. Akaukata mzizi ule mnene. Akauketisha mti kwenye chungu kile kile cha shemeji, alichokitoboa chini, akajaza mchanga wa chengachenga, akauacha kivulini utulie.

Ulipotoa majani mapya, kazi ikaanza. Alilivisha shina ukanda wa tyubu lisichubuke, akalizungushia waya wa breki, akalipinda kidogo leo, kidogo tena wiki nyingine. Mke alisimama pembeni na picha ya marehemu.

"Mgongo bado," akasema. "Huyu askari, yule alikuwa ajuza."

"Atazeeka tu. Kila anayekaa na wewe huzeeka."

Tambaa la grisi likamtua usoni.

Miezi ikapita. Waya ukaanza kuuma gome, akaufungua, akaufunga pengine. Alifika mahali akawa anausalimia mti asubuhi kabla ya mkewe, na mkewe akawa anaujibia kwa sauti nyembamba: "Sijambo, baba, nipunguzie waya." Siku habari ilipokuja kwamba shemeji yuko njiani, waliuvua waya wote, wakalipaka shina masizi kidogo lionekane limekula chumvi, wakausogeza dirishani.

Shemeji aliingia. Hakuuliza habari za mtu, alikwenda moja kwa moja dirishani. Fundi akajificha nyuma ya gurudumu, kana kwamba gurudumu lina ukuta.

"Mgongo wake ule ule," shemeji akasema. "Kimo kile kile. Umenitunzia, shemeji yangu."

Fundi akashusha pumzi iliyokaa kifuani tangu asubuhi. Mke akakimbilia kubandika chai.

Lakini shemeji hakuondoka pale. Aliinama. Kwenye ncha ya tawi palikuwa na chipukizi kibichi, kidogo kama kucha ya mtoto mchanga. Akakigusa. Akakichuma, akakinusa, akakitafuna, akakitema. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka kiti kikampokea.

"Dada, una nini? Nikuletee maji?" mke akarudi mbio.

Shemeji akamsukuma kwa mkono, macho hayabanduki kwenye mti.

"Shemeji," akasema polepole, "mimi mti huu miaka yote nauosha kwa sabuni ya vyombo. Hebu nieleze wewe fundi: tangu lini plastiki ikachipua?"