Tumbo Langu kwa Machano

Siku hizi daktari akikupunguza tumbo, hatupi kitu. Kwa sheria, nyama na ngozi yote huhamishiwa kwa mwenzi wako wa ndoa. Mgonjwa ndiye anayemchagua daktari.

"Tumchukue Dakta Zuhura," alinibembeleza mume wangu Machano, aliyezoea kuniita Mama Gunia mbele ya wageni. "Yeye hutandaza mgongoni, haionekani."

"Namtaka Dakta Mbwilo. Yeye hupachika tumbo zima, na michirizi yake."

Machano alirudi nyumbani shati halifungiki.

"Karibu, Baba Gunia!"

Nilicheka peke yangu. Kitinda mimba wetu alimpanda mapajani, akalaza shavu kwenye lile tumbo.

"Njoo kwa mama," nikamwita.

Akalikumbatia kwa nguvu zaidi.