Maswali ya Jumatano

Saa kumi jioni, Jumatano tarehe 10 Machi 2010, Médiatrice alivua viatu vyenye theluji mlangoni pa Dilawar, Thornhill, karibu na Toronto, Kanada, akasema kabla hajakaa:

"Mzee, treni yako imekataliwa."

Dilawar, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, alikuwa ameshamimina chai. Wiki iliyotangulia alimweleza kwamba aliondoka Kigoma kwa treni siku ya Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 1972.

"Imekataliwa na nani?"

"Na mwalimu. Tarehe 14 ilikuwa Jumamosi."

"Huyo mwalimu wako alikuwepo Kigoma?"

"Hakuwepo. Kalenda ilikuwepo."

Dilawar alicheka mpaka akakohoa. Médiatrice alimsogezea maji, akafungua daftari.

Hiyo ilikuwa mara ya ishirini na moja kuja kwake. Alikuwa Mrundi wa miaka thelathini na minne, mwanafunzi wa historia katika chuo cha jamii mjini Toronto. Insha yake ilikuwa na sharti moja: aandike maisha ya mtu mzee kwa maneno ya mzee mwenyewe, na kila tarehe ithibitishwe na chanzo cha pili. Asipofaulu somo hilo, hangeweza kuhamia chuo kikuu kusomea ualimu. Alilieleza hilo siku ya kwanza, Oktoba, alipokuja kwa sababu Dilawar alijibu tangazo alilobandika maktaba, la kumtafuta mtu aliyewahi kuishi Kigoma. Yeye mwenyewe alikaa huko miaka tisa, katika kambi ya wakimbizi. Sasa aliishi peke yake katika mtaa wa Weston na kufungasha mikate kiwandani. Kutoka kwake hadi kwa Dilawar ni mabasi matatu.

Kosa la kwanza la Dilawar lilikuwa la kweli. Alisema nyumba yake ilitaifishwa mwaka 1969. Wiki iliyofuata Médiatrice alirudi na kumwambia kwamba sheria ya kutaifisha majumba ilipitishwa mwaka 1971. Walirekebisha, wakanywa chai, wakazungumza Kiswahili kwa saa mbili na nusu.

Makosa yaliyofuata hayakuwa ya kweli. Kabatini chumbani mwake Dilawar alikuwa na shajara ya kila mwaka tangu 1958, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kila Jumanne aliifungua, akaitazama tarehe iliyo sahihi, na kesho yake akataja nyingine. Alichagua makosa madogo, yanayoweza kugunduliwa ndani ya wiki moja. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Kati ya Jumatano moja na nyingine, mtu pekee aliyezungumza naye kwa kirefu alikuwa bintiye, Arzina, aliyempigia simu kila Jumapili kutoka Pickering.

"Kwa hiyo ni Jumamosi," Médiatrice alisema, akaandika. Tangu Januari alikuwa ameacha kuja na kinasa sauti. "Na ulifika Dar es Salaam siku gani?"

"Jumatano," alisema Dilawar. Shajara ilisema Jumatatu.

"Treni gani hiyo, Mzee? Mlikuwa mnaisukuma?"

"Wewe andika. Mwalimu wako akikataa, tutaona." Kisha akauliza, "Hivi insha yenyewe inaisha lini?"

"Mwalimu akisharidhika."

"Na asiporidhika?"

"Nitaendelea kuja. Umeshanichoka?"

"Nani kasema? Kunywa chai."

Médiatrice aliosha vikombe, akaondoka saa kumi na mbili na nusu.

Jumapili Dilawar alimsimulia Arzina habari za insha, bila kutaja shajara. Arzina alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema hakuna chuo kinachosubiri insha moja miezi mitano. Ukichelewa wiki moja unapunguziwa alama. Huyo mwanamke, alisema, ama amefeli tayari au yuko mbioni kufeli, na anaona haya kumwambia Dilawar.

"Una hakika?"

"Baba, nimesoma hapa."

Jumatatu nzima Dilawar alinakili tarehe zilizo sahihi kutoka kwenye shajara. Zilijaza kurasa nne. Mwishoni alitia saini.

Jumanne tarehe 16 alipanda mabasi mawili hadi chuoni, akauliza njia mara tatu, akafika kwenye ofisi ya mwalimu wa historia saa tano na robo. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, anakula tufaha. Dilawar hakukaa. Aliziweka zile kurasa mezani, akasema kwa Kiingereza alichokifanyia mazoezi ndani ya basi:

"Makosa yote kwenye insha ya Médiatrice ni yangu. Nilimpa tarehe za uongo kwa makusudi, ili arudi. Yeye hana kosa. Tafadhali usimfelishe."

Mwalimu alifuta vidole, akasoma ukurasa wa kwanza, kisha saini.

"Wewe ndiye mzee wa Kigoma," alisema.

"Ndimi."

"Insha inayokuhusu ninaikumbuka. Aliileta tarehe 4 Desemba, nami sikukuta cha kusahihisha. Hakuna aliyempita darasani. Kozi iliisha wiki iliyofuata, na tangu hapo sijamwona."

Kesho yake, saa kumi jioni, Médiatrice alibonyeza kengele ya Dilawar, akavua viatu.

"Mwalimu bado hajaridhika, Mzee," alisema. "Safari hii ana maswali matatu."