Zamu ya Mweupe

Friji ilitetemeka, ikanyamaza, na nyumba ikawa giza. Umeme ulikuwa umekatika. Katika video ya simuni, msimulizi wa sataranji aliendelea polepole kueleza mchezo wa mabingwa wawili wa zamani. Salha hakuwahi kushika kete hata moja. Aliipenda ile sauti kwa kuwa haikuwa na haraka ya kuondoka.

Hemedi alikuwa na wake wawili, na leo ilikuwa zamu ya Salha. Chakula kilikuwa mkekani, kimefunikwa kwa kawa, na binti yao Warda alikuwa ameambiwa amngoje baba.

Simu ikaita.

"Mama Warda, msinisubiri. Mwenzio ana homa."

"Homa yake inaijua zamu yangu, Baba Warda."

"Usianze, bwana."

Akakata. Video ikaendelea: "Zamu ya mweupe. Hana wa kumla, hana wa kumfukuza. Basi anafanya jambo dogo tu: anazipanga kete zake zikae vizuri hapo zilipo."

Salha akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Kisha akainuka, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akatia komeo.

Aliporudi aliwasha tochi ya simu, akafunua kawa. Samaki alikuwa mzima kwenye mchuzi wa nazi, kichwa kimeelekezwa mahali pa Hemedi, kama siku zote. Salha akaizungusha sahani taratibu, kichwa kikamwelekea yeye.

Warda akamtazama mama yake, akasogea.

"Leo kichwa nakula mimi," Salha akasema.