Mkono wa Gervas

Tindo ilikuwa imenolewa vya kutosha kuingia kwenye shingo ya mtu, na shingo ya Gervas ilikuwa karibu. Fundi alikuwa ameinamia kipande cha bati, anaonyesha namna ya kukata mkia wa herufi.

"Zungusha bati, Mama Method, siyo mkono. Na usichonge ukiwa na hasira. Chuma kinateleza, unajitoboa kidole."

"Sina hasira, fundi," alisema Theopista.

Alikuwa nayo tele. Alitoka nayo Kibaoni, akaipangia chumba mjini Mpanda, na kila asubuhi alifika nayo kwenye kibanda cha Gervas pamoja na chupa ya chai.

Kule Misunkumilo, alikohamia mama yake, Nyamizi, baada ya yeye kuolewa, watu huazimana sufuria. Leo ziko harusini, kesho msibani, na sufuria isiyochongwa jina ni ya kila mtu. Mwaka jana wanawake wa jumuiya ya kanisa walianza kusema kwamba sasa mwenyekiti awe Nyamizi, Bernadetha apumzike. Haikupita muda, baada ya msiba mmoja, sufuria kubwa ya Nyamizi ikasuguliwa kitako, na chini ya masizi likatokea jina: BERNADETHA. Akaitwa Gervas, kaka yake Bernadetha, aliyekuwa akichonga majina kwenye sufuria za mtaa mzima.

"Huu mkono wangu," alisema mbele ya watu. "Nilichonga mimi, zamani. Na mkono wa fundi hauigwi."

Nyamizi, aliyekuwa mzito wa kusikia, aligeuka huku na huku akiuliza, "Mnasema nini?" Hakuna aliyerudia kwa nguvu ili asikie.

Sufuria ile Theopista ndiye aliyeinunua, mpya, akamtumia mama yake kama zawadi. Lakini yeye alikuwa mbali, Kibaoni kwa mumewe, na aibu ya wizi haikusubiri. Nyamizi alipokufa, hakuna mwanamke wa jumuiya aliyekwenda kupika msibani. Mvua ilimkwamisha Theopista njiani, akakuta mama amekwisha kuzikwa na uwanja mtupu. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wa watu wale aliyewahi kuiona sura ya Theopista. Alipiga magoti kwenye udongo mbichi, akaahidi kwamba wale wawili watalipa.

Basi Gervas akamfundisha. Mistari iliyonyooka kwanza, kisha duara, kisha majina. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Gervas kilikuwa kimepewa kigoda. Alifurahi kupata mwanafunzi msikivu, anayetaka kila herufi iwe kama ya mwalimu wake.

"Unaniiga mpaka makosa," alicheka siku moja. "Ila mbona unairudia sana hiyo Z?"

"Ndiyo inanisumbua."

Alimfunulia hata siri za kazi. Changanya masizi na mafuta, paka, pitisha kwenye moto, na herufi ya leo itaonekana ya mwaka juzi.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Theopista.

"Kuna wateja wanapenda kitu kionekane cha zamani," alisema Gervas, akajifanya anatafuta nyundo.

Siku hiyo Theopista alinoa tindo kuliko siku zote. Akajikata kidole, akanyonya damu na kuendelea kunoa.

Bernadetha alipokuwa akimwandalia binti yake sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, alileta sufuria zake zote pale kibandani. Majina ya ubavuni yalikuwa yamefifia kwa kusuguliwa, akataka yachongwe upya. Gervas macho yalikuwa yamemchoka na koo lilikuwa linadai pombe ya komoni.

"Hizo zipitie wewe, Mama Method. Za dada yangu hizo, usiniaibishe."

Theopista akabaki peke yake na sufuria za mwanamke aliyemuua mama yake kwa aibu. Alichonga jina lile lile, BERNADETHA, ubavu baada ya ubavu, na kila herufi ilimkwaruza moyoni. Gervas aliporudi alipitisha kidole ubavuni, akasema hata yeye asingejua kama si yeye aliyechonga.

"Njoo kwenye sendofu usikie watu wanavyosifu."

"Nitakuja, fundi. Nitasaidia kuosha vyombo."

Akaja, tindo ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge. Alipiga vigelegele na wenzake, akala wali, akakunja mikono ya blauzi na kuingia kwa waoshaji. Gervas, ameshiba na kuchangamka, alivuta kiti akaketi jirani yao, amempa Theopista mgongo, shingo wazi kama siku ile ya kwanza.

Theopista aligusa pindo la kitenge. Kisha akachota mchanga, akawagawia wenzake.

"Sugueni na vitako, jamani. Vina masizi."

Mwanamke wa kwanza alisugua, akaigeuzia sufuria kwenye mwanga. Wa pili akaita jina la Yesu. Chini ya kila sufuria ya Bernadetha, kwa herufi kuukuu zenye mikia ya Gervas, palikuwa na jina moja: NYAMIZI.

Bernadetha alikuja mbio. "Nyie, si mnanijua mimi? Hizi zangu, nimenunua mwenyewe."

Wote walikuwa wamemgeukia kaka yake.

"Fundi," aliuliza bibi mmoja, "mkono wa nani huu?"

Gervas alipitisha kidole kwenye ile Z. Akamtazama dada yake. Akamtazama mwanafunzi wake.

"Mkono unaigwa," alisema kwa sauti ya chini.

Theopista akaweka dodoki chini. "Rudia kwa nguvu, fundi. Mama yangu alikuwa mzito wa kusikia."