Maji ya Mkunazi

Askari wanne walilitua jeneza uani, kifuniko chake kimepigiliwa misumari pande zote. Mzee Shebwana alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu. Ndoo ya maji ya majani ya mkunazi ilikuwa tayari, maana alitaka kumwosha mwenyewe mwanawe aliyekuwa jeshini.

"Halifunguliwi, mzee," alisema afisa. "Ni usalama wa taifa."

"Amefia wapi?"

"Hiyo ni siri ya serikali."

"Kama ni vitani, vita gani hivyo? Mbona redio haijasema tuna vita?"

"Mzee wangu, usinitie matatani."

"Yaani taifa zima linaogopa mimi nimwone mwanangu?"

Afisa alitazama saa yake.

Mzee Shebwana akachota maji kwa kata, akainama juu ya jeneza, halafu mkono ukasita. Maiti huanza kuoshwa upande wa kulia.

"Basi niambie hili tu," alisema. "Kichwa kiko upande gani?"

Afisa akawageukia askari wake. Askari wakatazamana.

Mzee akayamimina papo hapo. Maji yakatambaa juu ya mbao, yakaifikia misumari, yakaanza kutafuta pa kuingilia.