Utando Mweupe

Bibi alimsugua mjukuu wake kwa kitambaa kikavu, jicho moja liko mlangoni mwa wodi. Mtoto hakuwa ametimiza hata saa moja duniani, naye alilia kama anayechunwa.

Utando ule mweupe, mzito kama samli iliyoganda, ulimjaa mgongoni, kwapani, hadi kwenye mikunjo ya mapaja. Bibi aliona aibu hata kuutazama. Wanawake wa mtaani kwao walimfundisha tangu usichana wake: mtoto akizaliwa na weupe ule, basi kuna mwanamume aliyelala na mama yake mimba ikiwa kubwa. Na mwanawe alikuwa mbali akijenga barabara, mwezi wa tano huu hajatia mguu nyumbani.

"Mama, taratibu, unamuumiza," mkwewe alisema kitandani, sauti imemkauka.

"Nyamaza, mwanangu. Mumeo yuko getini. Akimwona hivi, umekwisha."

"Akimwona vipi?"

Bibi aliendelea kusugua. Angeanzia wapi? Hakuwa na hasira na binti huyu, aliyemkanda miguu kila jioni bila kuombwa. Alitaka tu nyumba yao isimame. Aliijua fika nyumba iliyovunjika kwa utando kama huu.

Mkunga akaingia, akamnyang'anya kitambaa.

"Bibi wee! Mbona unamvua mtoto koti lake?"

"Ni uchafu, sista. Baba yake anakuja."

"Uchafu wapi? Huu ndio uliomkinga ngozi miezi yote alipokuwa majini tumboni. Sasa unamkinga na baridi. Tunauacha ukauke wenyewe."

Bibi akamsogelea, akanong'ona. "Kwa hiyo si wa... mwanamume?"

Mkunga alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Akamvuta hadi kitanda cha pili, akafunua shuka. Mtoto wa pale naye alikuwa amepakwa vilevile.

"Ngozi ya mtoto mwenyewe ndiyo inayoutengeneza, bibi. Baba awepo, asiwepo. Nani aliwadanganya?"

Mwanawe akaingia mbio, viatu vina lami. Alimbusu mkewe kwenye paji la uso, akamwinamia mtoto.

"Mbona huyu kapakwa siagi?"

Wodi nzima ikacheka. Bibi alipapasa kiti nyuma yake, akakaa, akafunika uso kwa viganja. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Mama, ndiyo furaha hiyo?" mwanawe akamtania.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Siku aliyomzaa huyu anayecheka, miaka thelathini na moja iliyopita, aliona weupe huu huu mgongoni mwake, akateremka kitandani, akapiga magoti, akamtajia mumewe jina la fundi saa.

Mumewe hakuwa ameuliza kitu.