Mshono wa Uzi wa Nyavu

Mama yake alikuwa anazikwa Ujiji siku ile, na Hamdani alikuwa amekwama mpakani akitokea Burundi.

Tatizo lilikuwa begi lake la mgongoni. Mkanda wake ulikatika zamani, mama akaushona kwa uzi wa nyavu, ameketi mchangani kati ya dagaa walioanikwa, akikata uzi kwa meno.

Askari aliubonyeza ule mshono mnene. "Umeficha nini humu? Tufumue."

"Hufumui, afande. Kashona mama."

"Mama yako fundi wa magendo?"

Wenzake wakacheka. Hamdani akaketi chini, akalikumbatia begi. Hakuwa na kitu kingine cha mkono wa mama. Alibisha tangu asubuhi hadi adhuhuri, ndipo akachoka, akalitoa. Wembe ukapita. Ndani mlikuwa na sponji tu.

Alifika Ujiji alasiri, mkanda unaning'inia. Dada yake alikuwa anaosha majembe.

"Tumekungoja, kaka, mpaka shehe akasema mwili haukai, tukazika."

Hamdani akaitazama mikono yake. Mshono mmoja, saa sita za ubishi, na viganja vitatu vya udongo ambavyo mtoto humtilia mama yake kaburini, naye hakuwahi kuvitia.